Chukudu, kamba na ardhi: nani humvuta nani?

Hakuna nguvu inayojitokeza peke yake. Kitu kimoja kikisukuma kingine, kile kilichosukumwa nacho hukisukuma cha kwanza, kwa nguvu iliyo sawa na kwa upande wa kinyume. Hiyo ndiyo kanuni ya tatu ya mwendo ya Isaac Newton, iliyochapishwa mwaka 1687 katika kitabu chake cha Kilatini kijulikanacho kwa kifupi kama Principia. Sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu sayari na mwezi, lakini mifano ya kwanza ya kanuni hii ilitoka chini, kwenye vumbi. Newton alitaja kidole kinachobonyeza jiwe, kisha farasi anayekokota jiwe kwa kamba: kamba iliyokazwa humrudisha farasi kwenye jiwe kwa kadiri ileile inavyolileta jiwe kwa farasi.

Kanyaruchinya hakuna farasi wa kukokota mawe. Kuna chukudu. Mahali hapa pako kaskazini mwa Goma, katika teritware ya Nyiragongo, kando ya barabara ya kitaifa namba 2 iendayo Kibumba na Rutshuru. Upande mmoja kuna mlima wa moto wa Nyiragongo wenye kimo cha mita 3,470. Upande wa kusini, chini, kuna Ziwa Kivu, ambalo maji yake yako mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Kati ya viwili hivyo barabara ni mteremko kwa anayekwenda mjini na mpando kwa anayerudi. Viazi na makabichi ya Kibumba hushuka, pamoja na makala, kama makaa yanavyoitwa huku. Bidhaa za mjini hupanda. Vyote hivyo hupita juu ya chukudu.

Chukudu ni kigari cha mbao cha magurudumu mawili, kirefu, chenye usukani mpana mbele na ubao wa kubebea mzigo unaoinama nyuma. Magurudumu ni ya mbao pia, yamevishwa mpira uliokatwa kwenye matairi makuukuu ya gari. Hakina injini wala pedali. Bado hubeba mamia ya kilo, na mwaka 2009 mji wa Goma ulikisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara. Kwa mwalimu wa fizikia kina faida moja zaidi: sehemu zake zote zinazosukumana ziko wazi machoni. Mtu, kamba, mbao, mzigo, ardhi. Katika gari la kawaida nusu ya mambo hayo imefichwa chini ya boneti.

Chukua hali iliyo rahisi kuliko zote. Maji ni ya taabu Kanyaruchinya, kwa kuwa mawe ya volkeno hunywa mvua kabla haijapata kutiririka, na tangu watu waliokimbia vita walipojaa hapo mwaka 2012, kisha tena kuanzia 2022, bidoni za njano zimekuwa sehemu ya mandhari. Tuseme chukudu ya kilo 40 imepakiwa bidoni nane za lita 20. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo mzigo na kigari ni kilo 200. Mtu wa kilo 60 amefunga kamba mbele na anaivuta kwenye sehemu iliyo sawa ya barabara.

Mtu anaivuta chukudu kwa kamba. Chukudu inamvuta mtu nyuma kwa kamba hiyohiyo, kwa nguvu ileile. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama, na si kwa uzembe. Ikiwa nguvu mbili ni sawa na zimeelekeana, je, hazifutani? Na zikifutana, chukudu inaendaje?

Hazifutani, kwa sababu hazikutani juu ya kitu kimoja. Moja imeishika chukudu, nyingine imemshika mtu. Deni la Fatuma haliwezi kulipwa kwa fedha zilizoingia kwenye mfuko wa Amina, hata kama kiasi ni kilekile. Anayetaka kujua kama chukudu itasonga hana budi kuitazama chukudu peke yake, na kuhesabu nguvu zinazoigusa yenyewe: kamba inayoivuta mbele, na ukinzani wa magurudumu unaoirudisha nyuma. Kamba ikishinda ukinzani, chukudu inaongeza mwendo. Nguvu aliyopata mtu kutoka kwa chukudu haina nafasi katika hesabu hiyo.

Mtu naye hutazamwa peke yake. Kamba inamrudisha nyuma. Nini kinampeleka mbele? Si misuli yake, au tuseme si misuli peke yake: misuli huukaza mguu, na mguu huisukuma ardhi nyuma. Ardhi, kwa kanuni ileile, humsukuma mtu mbele. Watu husema fulani anavuta chukudu, kana kwamba ni shughuli ya wawili. Ni shughuli ya watatu, na huyo wa tatu ndiye asiyetajwa. Mweke mtu huyo juu ya utelezi na nguvu zake zote hazitamfaa kitu, ingawa misuli haikupungua.

Kwa tarakimu jambo hili hukaa vizuri zaidi. Nguvu hupimwa kwa nyutoni. Nyutoni 10 ni karibu sawa na uzito wa lita moja tu ya maji. Tuseme ukinzani wa magurudumu ni nyutoni 80, na msafara unaanza kusonga kwa kuongeza mwendo wa mita 0.2 kwa sekunde, kila sekunde. Ongezeko hilo huitwa mchapuko. Kwa kuwa kamba imekazwa, mtu na chukudu wana mchapuko mmoja, na hiyo ndiyo maana hasa ya kusema vitu vimeunganishwa: kimoja hakiwezi kuharakisha bila kingine.

Kwanza vitazame vyote viwili kama kitu kimoja cha kilo 260. Ili kukipa mchapuko wa 0.2 kunahitajika nyutoni 52 zinazobaki baada ya ukinzani kulipwa, kwa kuwa 260 mara 0.2 ni 52. Ongeza nyutoni 80 za ukinzani: ardhi lazima imsukume mtu kwa nyutoni 132. Kamba haikuonekana popote katika hesabu hii, na haikupaswa kuonekana, kwa sababu vuta yake na rudi yake zote zimo ndani ya kitu kilekile tulichokizungushia mstari. Hapo, na hapo tu, ndipo jozi ya nguvu hufutana.

Sasa kata mstari katikati na uiangalie chukudu peke yake. Kilo 200 mara 0.2 ni nyutoni 40. Ongeza 80 za ukinzani, kamba ina mkazo wa nyutoni 120. Mtu je? Ardhi inampa 132 mbele, kamba inamrudisha kwa 120, zinabaki 12, na 60 mara 0.2 ni 12. Hesabu imefunga. Kati ya nguvu yote aliyoipata kutoka ardhini, mtu alijibakizia nyutoni 12 tu za kuuharakisha mwili wake. Zilizobaki zilipita mkononi mwake kwenda kwenye mzigo.

Mwendo ukishatulia na kuwa wa kasi moja, mchapuko ni sifuri. Kamba hubaki na nyutoni 80, ardhi nayo hutoa 80, na msafara unaendelea. Jambo hili huwashangaza watu kuliko lile la kwanza, lakini mikono ya wavutaji inalijua: kuanzisha ndiko kugumu.

Ardhi nayo, kwa kuwa kanuni haina upendeleo, ilisukumwa nyuma kwa nyutoni 132 mwanzoni. Sehemu ya msukumo huo hufidiwa na magurudumu, yanayoisukuma ardhi mbele kwa 80; zinabaki 52. Tungamo la dunia ni kama kilo 6 ikifuatwa na sifuri 24, kwa hiyo mchapuko inaoupata kutoka kwenye nyutoni 52 haupimiki kwa chombo chochote. Nguvu ni sawa. Matokeo si sawa. Kanuni ya tatu inaahidi usawa wa nguvu tu.

Kamba inastahili kutazamwa kidogo zaidi. Katika hesabu za hapo juu ilichukuliwa kwamba mkazo ni uleule kutoka mwisho mmoja hadi wa pili. Si kweli kabisa: kamba yenye kilo moja, ikiharakishwa kwa 0.2, inahitaji nyutoni 0.2 zake yenyewe, hivyo upande wa mtu umekazwa zaidi kidogo kuliko upande wa chukudu. Mbele ya 120, tofauti hiyo haina uzito. Kinachokata kamba ni mshtuko. Mvutaji akiiacha ilegee kisha akaondoka ghafla, kwa muda mfupi chukudu hudaiwa mchapuko mkubwa. Ukifika mita 2 kwa sekunde kila sekunde, mkazo hupanda kutoka 120 hadi 480, kwa maana 200 mara 2 ni 400 na ukinzani bado ni 80. Mvutaji mwenye uzoefu huikaza kamba kwanza polepole, ndipo huegemea mbele.

Kisha kuna mshazari wake. Kamba hufungwa chini, kwenye mbao za mbele, na ncha nyingine iko begani, juu zaidi. Kwa hiyo haivuti mbele tu. Inainyanyua chukudu kidogo na kulipunguzia gurudumu la mbele mzigo. Na kama inainyanyua chukudu, basi inamkandamiza mvutaji chini kwa kiasi kilekile. Wengi hudhani kukandamizwa ni hasara. Ni kinyume chake, maana mguu unaokandamizwa zaidi hushika ardhi zaidi, na mtego wa mguu ndio unaoamua ni nguvu ngapi ardhi inaweza kumpa mtu.

Mtego huo una kikomo, na Kanyaruchinya kikomo hicho kiko karibu, kwa sababu changarawe nyeusi ya volkeno huviringika chini ya kandambili. Tuseme mguu unaweza kushika kwa nusu ya uzito wa mtu. Mtu wa kilo 60 ana uzito wa nyutoni 588; ardhi haiwezi kumsukuma kwa zaidi ya 294 hivi, hata angekuwa na mapaja ya chuma. Ukiacha mshazari wa kamba, kuongeza mzigo kwenye chukudu hakumwongezei mtego hata chembe. Kunamwongezea deni.

Deni hilo huonekana kwenye mpando. Barabara inayopanda mita 5 kwa kila mita 100 huirudisha chukudu ya kilo 200 nyuma kwa takriban nyutoni 98, ambazo ni sehemu ya uzito wake inayoelekea mteremkoni. Pamoja na ukinzani wa 80, kamba lazima iwe na 178 hata bila kuongeza kasi. Mtu naye ana mwili wake wa kuupandisha, nyutoni 29 nyingine, jumla 207 kutoka kwenye ardhi. Bado iko ndani ya 294. Mpando ukifika mita 10 kwa 100, jumla ni nyutoni 335 na mguu unateleza. Kula ugali zaidi hakusaidii. Kinachosaidia ni mtu wa pili nyuma ya chukudu, kwa sababu analeta miguu miwili mingine na mtego wake mwenyewe. Ndiyo maana chukudu iliyojaa hupanda na msafara: mmoja mbele na kamba, mmoja au wawili nyuma wakisukuma. Wapo pia wanaojishika nyuma ya lori linalopanda. Hapo mtego unatoka kwenye magurudumu ya lori, na hatari pia.

Mteremko una fizikia yake. Mwendeshaji akiwa anashuka hupiga goti moja juu ya ubao, penye kipande cha mpira cha kulilinda, na kwa mguu wa pili huipiga ardhi nyuma pale kasi inapopungua. Ardhi humsukuma mbele, naye kwa goti na mikono huipitishia chukudu. Akiinua mguu huo na kuuweka juu ya ubao, kisha akausukuma usukani mbele kwa nguvu zote, hasongi zaidi. Mikono inausukuma usukani mbele. Usukani unaisukuma mikono, na kupitia mwili, goti linausukuma ubao nyuma. Yote yamo ndani ya msafara mmoja. Watoto hujifunza hili kwa kujaribu: aliyekaa ndani ya kapu hawezi kujinyanyua kwa kushika vipini vyake.

Kusimama ni suala zito zaidi kuliko kuanza. Tuseme chukudu ya kilo 40 imebeba magunia mawili ya viazi yenye jumla ya kilo 200, na mwendeshaji wa kilo 60: kilo 300 kwa jumla. Kwenye chukudu zenye breki, mwendeshaji hukanyaga kipande cha mpira kinachosugua gurudumu la nyuma. Mpira unalishika gurudumu, gurudumu linaushika mpira. Hiyo ni jozi ya ndani na haiwezi kuusimamisha msafara peke yake. Inachofanya ni kulizuia gurudumu lisizunguke kwa uhuru, ili gurudumu nalo liisukume ardhi mbele na ardhi ilisukume nyuma. Mwisho wa yote ni ardhi inayosimamisha.

Ikitakiwa kasi ipungue kwa mita 1 kwa sekunde, kila sekunde, mahali palipo karibu na tambarare, ardhi itatoa nyutoni 300. Lakini ardhi haijagusa viazi. Imegusa magurudumu, magurudumu yakashika mbao, na mbao ndizo zinazopaswa kuyazuia magunia kwa nyutoni 200, kupitia msuguano na kamba za kufungia. Mwendeshaji anazuiwa kwa 60, kwenye goti na viganja. Zinazobaki, 40, ni za mbao zenyewe. Na kwa kila nguvu ya mbao kwenye mzigo, mzigo unajibu: magunia yanausukuma usukani na mbao mbele kwa nyutoni 200, ndiyo maana kasoro yoyote ya ufungaji huonekana wakati wa breki wala si wakati wa kuanza. Msuguano na kamba vikiweza kutoa 120 tu, magunia hayatapunguza kasi kwa 1 bali kwa 0.6, ilhali chukudu iliyo chini yake inapungua upesi zaidi. Kwa lugha ya barabarani, mzigo umemkimbia mwendeshaji. Kwa lugha ya fizikia, vitu hivi viwili havijaunganishwa tena, na kila kimoja kinadai hesabu yake.

Bidoni zilizojaa nusu ni kisa kingine. Maji yaliyo ndani hayajafungwa na kamba yoyote; chukudu ikipunguza kasi yanaendelea mbele, yanaupiga ukuta wa bidoni, kisha yanarudi. Kila pigo hupitishwa kwenye mbao na kwenye mikono ya mwendeshaji. Bidoni iliyojaa pomoni ni nzito zaidi lakini ni tulivu zaidi, maana maji hayana pa kukimbilia.

Kanuni hiyohiyo huyahusu magari makubwa, ila badala ya kamba kuna kiungo cha chuma. Katika garimoshi la mizigo linalotoka Mombasa kwenye reli ya kisasa iliyofunguliwa mwaka 2017, kiungo kilicho nyuma tu ya injini huvuta mabehewa yote. Kiungo cha mwisho huvuta behewa moja. Kama mabehewa ni kumi yenye tungamo na ukinzani sawa, mkazo wa kiungo cha kwanza ni mara kumi ya ule wa mwisho, cha pili mara tisa, na kuendelea. Kiungo huwa salama au hatarini kwa mujibu wa vilivyo nyuma yake, si kwa mujibu wa urefu wa garimoshi lote. Wanaofunga chukudu mbili moja nyuma ya nyingine wanaweza kutumia hesabu hiyo papo hapo: kamba bora iwekwe mbele, iliyochakaa iwekwe kati.

Kuna vitu vilivyounganishwa ambavyo haviendi upande mmoja, na kapi la fundi wa nyumba ndilo mfano ulio karibu. Fundi wa kilo 60 amesimama chini, anavuta kamba kuelekea chini, na ndoo ya zege ya kilo 25 inapanda kwa mchapuko wa mita 0.4 kwa sekunde kila sekunde. Kamba inapaswa kuulipa uzito wa ndoo, nyutoni 245, na kuongeza 10 za kuiharakisha: mkazo ni 255. Kamba ileile inamvuta fundi juu kwa 255, hivyo nyayo zake zinaikandamiza ardhi kwa 333 tu badala ya 588, na angejaribu kupandisha kitu kizito kuliko yeye mwenyewe angeanza kupanda yeye. Ndoano iliyoshika kapi inavutwa chini na pande zote mbili za kamba. Kwa hiyo inabeba nyutoni 510, mara mbili ya mkazo wa kamba, ukiacha uzito wa kapi lenyewe, ingawa ndoo iliyojaa ina uzito wa 245.